20W-50, 15W-40 au 5W-30? Vidole havilijui joto la injini

Dukani pa spea kipimo kinachoaminika kuliko vyote ni vidole viwili. Muuzaji anafungua galoni la oili ya injini, mteja anachovya, anasugua dole gumba kwa kidole cha shahada. Ikiteleza haraka anairudisha: "Hii maji, bosi. Nipe nzito, si unaliona jua lenyewe?" Anaondoka na 20W-50, na gari lake ni Toyota IST ambayo kitabu chake kinataja 5W-30.

Nimekaa gereji Dar es Salaam miaka ya kutosha kuyasikia maneno hayo karibu kila wiki, na simlaumu anayeyasema. Vidole vyake havikosei: 20W-50 ni nzito kweli. Lakini vinaipima ikiwa na joto la duka, nyuzi 30 hivi. Injini haitaitumia hapo. Itaitumia kwenye nyuzi 90 hadi 110 ikiwa ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, zaidi ya hapo kwenye beringi za krenki, na jirani na ringi za juu za pistoni joto linaweza kupita nyuzi 200. Cha kuuliza dukani ni oili hii itakuwa nzito kiasi gani ikishapata moto wa injini yako.

Aliyekulia pwani ameshayaona haya kwenye mafuta ya nazi. Alfajiri ya Julai yameganda chupani, adhuhuri yanamiminika. Oili ya injini haigandi kwa baridi yetu, ila nayo inalainika kila joto linapopanda, na hailainiki kwa mwendo mmoja: nyuzi 20 za kwanza asubuhi zinaipunguzia uzito mwingi kuliko nyuzi 20 za mwisho ikiwa imeshachemka. Ndiyo maana tofauti kubwa unayoihisi kwa kidole huwa ndogo mno injini ikishapata moto. Tazama hapa. Namba ni za sentistoki, yaani kipimo cha ugumu wa kimiminika kutiririka. Maji ni kama 1, na namba ikiwa kubwa oili ni nzito.

| Oili | Nyuzi 20 | Nyuzi 40 | Nyuzi 100 | Nyuzi 130 |
|---|---|---|---|---|
| SAE 40 (namba moja, haina W) | 520 | 145 | 14.5 | 7.3 |
| 20W-50 | 520 | 160 | 18 | 9.3 |
| 15W-40 | 320 | 108 | 14.3 | 7.7 |
| 5W-30 | 165 | 65 | 11 | 6.3 |

Safu za nyuzi 40 na 100 ni za oili za kawaida, kama watengenezaji wanavyoziandika kwenye karatasi za bidhaa zao, na kila kampuni hutofautiana kidogo. Safu za 20 na 130 nimezikokotoa kutoka kwenye hizo mbili.

Asubuhi, nyuzi 20, 20W-50 ni nzito mara tatu ya 5W-30. Zikifika nyuzi 100 zinatofautiana kwa namba 7 tu. Kisha linganisha 20W-50 iliyofikia nyuzi 130 na 5W-30 iliyo kwenye 100 yake ya kawaida: 9.3 kwa 11. Ile "nzito" ndiyo imekuwa nyepesi. Kwa hiyo gari linalochemka halilindwi na galoni la oili nzito. Nimepokea zaidi ya injini moja iliyonoki baada ya mwenye gari kukimbilia 20W-50 wakati feni ya rejeta ilikuwa imekufa. Oili alibadilisha, feni hakuigusa. Joto lilipanda na uzito alioununua ukaisha njiani.

Kuhusu maandishi ya galoni. Herufi W ni ya "winter", majira ya baridi ya wenzetu wa kaskazini. Namba iliyo mbele yake inaonyesha oili inavyokubali injini iwashwe kwenye baridi: 20W hupimwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, 15W kwenye 20 chini ya sifuri, 5W kwenye 30 chini ya sifuri. Namba ya mwisho ni uzito kwenye nyuzi 100: 30 ni kuanzia sentistoki 9.3 hadi chini ya 12.5, 40 inaendelea hadi chini ya 16.3, na 50 hadi chini ya 21.9. Hakuna barabara ya Tanzania inayofika nyuzi 15 chini ya sifuri, hata huko Kitulo ambako barafu huonekana kwenye majani Juni na Julai. Wengi wanahitimisha kwamba namba ya mbele haituhusu. Inatuhusu. Oili iliyoundwa kupita kwenye baridi kali hupita upesi pia kwenye nyuzi 20 za Dar au nyuzi 8 za Njombe, na sekunde za kwanza baada ya kuwasha ndizo kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, na tapeti zake zinapokuwa kavu kuliko wakati mwingine wowote.

Joto la nje na joto la ndani

"Nchi yetu ni ya joto" ni hoja inayosikika vizuri, lakini kwa injini inayopozwa kwa maji ina nguvu ndogo. Injini hiyo ina thamostati, kilango kinachofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakishapata moto. Kwenye injini ya 1NZ-FE, ile iliyomo kwenye IST na Probox nyingi na baadhi ya Vitz, thamostati huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hivi. Kazi yake ni kuhakikisha maji yanabaki kwenye joto lilelile, uwe Makambako umevaa koti au Tanga umekunja mikono ya shati. Rejeta ikiwa nzima na feni ikifanya kazi, oili yako haijali sana kama nje ni nyuzi 22 au 33.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Mafundi wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, tuna desturi ya kutoa thamostati na kuitupa, eti kwa joto letu haina kazi. Gari lisilo na thamostati hukimbia barabara kuu likiwa baridi mno. Oili haipati moto wa kutosha kukausha maji na petroli vinavyoingia kupitia kwenye ringi. Ukifungua kifuniko unakuta uji mweupe kama maziwa. Baada ya miezi uji huo unakuwa tope jeusi linaloziba chujio la pampu. Joto la wastani linaisafisha oili, na injini iliyonyimwa joto hilo inachafuka hata ukiinunulia oili ya bei gani.

Tatizo hilohilo linampata mwenye safari fupi: nyumbani hadi shule ya watoto, kilomita tatu, kisha kuzima. Mshale wa joto unapanda mapema kwa sababu unapima maji. Oili inachelewa nyuma, na huenda ikafika shule bado ina nyuzi 50 au 60. Kwa gari la namna hiyo 20W-50 ndiyo chaguo baya kuliko yote, kwa sababu maisha yake yote itaishi kwenye zile safu za kushoto za jedwali.

Gari dogo la petroli

Kwa Toyota ndogo za miaka ya 2000 kuja huku, ninachagua 5W-30 bila kusita injini ikiwa nzima. Sababu yangu kubwa ni VVT-i. Mfumo huo huisogeza kamshafti kwa nguvu ya oili, ikipita kwenye valvu yenye chujio dogo na vijia vyembamba. Oili nzito ya asubuhi inachelewa kufika, na ikiwa chafu inaziba. Dalili yake unaijua: mlio wa tik-tik kila ukiwasha, gari zito kuondoka, baadaye taa ya injini.

Kuna watakaosema mbona presha ya oili inapanda ukiweka nzito. Inapanda, ndiyo. Presha kubwa huonyesha tu kwamba oili inapita kwa shida, wala haimaanishi kuwa inafika kwa wingi. Oili ikiwa nzito sana na baridi, valvu ya pampu hufunguka na kuirudisha nyingine ilikotoka, na valvu ya filta nayo huweza kufunguka ikaipitisha bila kuchujwa. Tena oili nzito hujipasha yenyewe kwa msuguano wake. Nyepesi hupita kwa wingi zaidi kwenye beringi na kuondoka na joto.

Lakini nisiufanye upande mmoja kuwa mtakatifu. Vitabu vya Toyota vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingi nje ya Japani na Marekani huruhusu 15W-40 na hata 20W-50 kwenye hali ya hewa ya joto, kwenye injini hizohizo. Aliyeweka 20W-50 hajaua gari. Na injini iliyochoka ni kesi nyingine kabisa. Mzee mmoja aliniletea Probox iliyobeba mizigo miaka mingi. Tukaiwekea 5W-30 nzuri, na wiki haikuisha akarudi: "Fundi mwanangu, nikisimama taa za Mwenge mchana, ile taa nyekundu ya oili inakonyeza." Nafasi za beringi zilikuwa zimepanuka, na oili ikipata moto huku injini inaunguruma bila kuvutwa mafuta ilikuwa inatoroka kuliko pampu inavyoweza kuleta. Tulimwaga tukaweka 15W-40, taa ikatulia. Hapo oili nzito imenunua muda kabla ya oveholi, yaani kuifungua injini na kuijenga upya, na kwa mtu anayekula kwa gari hilo muda huo una thamani. Nilimwambia wazi kwamba ugonjwa bado uko ndani.

Kwa hiyo injini yenye moshi wa bluu au taa inayokonyeza ikiwa na moto, panda ngazi moja: kutoka 5W-30 kwenda 10W-40 au 15W-40. Usiruke moja kwa moja hadi 50.

Kuna pia 5W-30 mbili zinazofanana kwa namba na kutofautiana kwa ustahimilivu. Oili hupimwa tena kwenye nyuzi 150 ikiwa inasagwa kwa kasi, kuiga hali ya ndani ya beringi. 5W-30 ya kawaida inatakiwa ifikishe angalau 2.9 kwenye kipimo hicho, wakati 15W-40 na 20W-50 zinatakiwa angalau 3.7. Ila 5W-30 yenye alama ya ACEA (watengenezaji wa magari wa Ulaya) A3/B4 au C3 lazima ifikishe 3.5. Mwenye gari la Ulaya lenye tabo (turbo) atafute hiyo, asiridhike na maandishi ya 5W-30 peke yake.

Haibridi kama Aqua na Prius: fuata kitabu, na kwa nyingi kinasema 0W-20, basi. Injini yake inazima na kuwaka njiani, oili mara nyingi haipati moto mwingi, na kuiongezea uzito ni kuiongezea taabu.

Bodaboda na bajaji

Huku ndiko hoja ya nchi ya joto inakopata ukweli wake. Injini inayopozwa kwa upepo haina maji wala thamostati. Joto linaondoka kwa mapezi ya silinda na kwa oili. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo upepo unafanya kazi, ila ikikwama katikati ya magari na abiria wawili nyuma upepo unakatika na joto la oili linapanda bila breki. Na oili yenyewe ni lita moja hivi, iliyobebeshwa kulainisha injini, giaboksi na klachi kwa pamoja, wakati IST ina lita 3.7 za injini peke yake.

Kwa hiyo pikipiki ambayo kitabu chake kinasema 20W-50, weka 20W-50 na usisikilize mwenye gari anayesifia 5W-30 yake. Ila angalia alama ya JASO MA au MA2 kwenye chupa, alama ya Kijapani ya oili za pikipiki. Oili nyingi za magari za leo zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inayoogelea ndani ya oili inauhitaji msuguano huo ili ishike. Ukiweka ya gari klachi inateleza, unavuta mafuta na pikipiki haiendi, na utelezi huo unazaa joto jingine.

Kuna jambo la pili kwa madereva wa bodaboda. Uzito wa 20W-50 kwenye joto unatokana kwa sehemu na polima, molekuli ndefu kama uzi zinazojikunja oili ikiwa baridi na kujinyoosha ikipata moto. Meno ya gia huzikatakata. Baada ya muda ile 50 inaweza kuwa imeshuka hadi daraja la 40, na huwezi kujua kwa kuitazama rangi. Anayeshinda barabarani saa kumi na mbili kwa siku asingoje iwe nyeusi. Amwage mapema.

SAE 40 bado ina kazi?

Kidogo. Haina polima ya kukatika, ni rahisi kupatikana, na jenereta za zamani na injini za mashua zinaielewa. Lakini rudi kwenye jedwali: asubuhi ni nzito sawa na 20W-50, na kwenye nyuzi 130 imekuwa nyepesi kuliko 15W-40. Inakupa mabaya ya pande zote mbili. Kwenye gari siiweki tena.

Dizeli na mlima

Lori linalotoka Dar kwenda Tunduma, kisha Zambia hadi Lubumbashi, lina mtihani wake: Kitonga. Ukishatoka Ruaha Mbuyuni unapanda kuelekea Ilula kwa gia ndogo, mzigo umejaa, mwendo wa mtu anayetembea haraka, upepo hautoshi na injini inatoa nguvu zake zote. Hapo oili inapanda juu ya joto lake la kila siku. Kwa dizeli ya namna hii, na kwa Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, chaguo langu ni 15W-40 ya daraja la dizeli, CI-4 au zaidi. Kwenye alama hizi za Kimarekani (API) herufi C ndiyo ya dizeli, S ni ya petroli; usiichanganye na ile C3 ya ACEA. Dizeli inatupa masizi kwenye oili, na viungo vya kuyabeba bila kugandana ni muhimu sawa na uzito. 20W-50 ya petroli inaweza kuwa na uzito wa kutosha, ila masizi itayaacha yajenge tope.

Na kwa wenye tabo: ukifika juu ya mlima usizime ghafla ili ukanywe chai. Shafti ya tabo imepita jirani na moto wa ekzosi, na oili inayopita ndiyo inayoipoza. Ukizima, oili iliyobaki mle inapikwa hadi kuwa makaa, na makaa hayo yanaziba njia. Iache iungurume dakika mbili tatu kwanza. Desturi hiyo haigharimu kitu, na ni bora kuliko kuongeza daraja la oili.

Madini au sinthetiki

Namba mbili zikilingana, bado kuna swali la oili itadumu vipi na joto. Kanuni ya mafundi wa kemia ni kwamba kila joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya oili kuungana na oksijeni na kuharibika huongezeka kama mara mbili. Oili ikiishi kwenye 120 badala ya 100, inazeeka kama mara nne haraka. Ikizeeka inakuwa nzito, chachu na yenye varnishi ya rangi ya asali. Sinthetiki huchelewa kufika huko kuliko ya madini, ile ya kawaida ya mafuta ghafi, na huvukiza kidogo kwenye moto.

Neno lenyewe "sinthetiki" usilibebe kwa uzito mno. Mwaka 1999 Mobil na Castrol walifikishana mbele ya chombo cha kusimamia matangazo Marekani, na tangu hapo oili ya petroli ghafi iliyosafishwa kwa kiwango cha juu, ile ya kundi la tatu, inaruhusiwa huko kuitwa hivyo. Ni oili nzuri. Usiilipie tu kana kwamba ni ile ya kundi la nne inayojengwa maabara.

Cha kukusaidia kuamua ni saa, maana kilomita zinadanganya. Gari linalotoka Kimara hadi Kariakoo kwenye foleni kwa wastani wa kilomita 10 kwa saa, likimaliza kilomita 5,000 injini imefanya kazi saa 500. Gari linalokwenda Dodoma kwa wastani wa 80 limefanya saa 62 na nusu kwa kilomita zilezile. Huyu wa foleni ndiye anayefaidika na sinthetiki, na bado amwage kwenye 5,000. Wa Dodoma anaweza kutumia ya madini iliyo halisi na kumwaga kwenye hizohizo bila wasiwasi. Nasema halisi kwa kukusudia: 15W-40 iliyofungwa kiwandani ni bora kuliko 5W-30 ya bei ya juu iliyomiminwa upya kwenye galoni la zamani. Tazama sili ya kifuniko, na galoni lako tupu litoboe kabla ya kulitupa.

Ukibadilisha daraja, fanya hivi wiki mbili za mwanzo. Asubuhi, kabla hujawasha, vuta kijiti na uweke alama ya oili ilipofikia. Washa ukiwa umeshusha kioo, sikiliza sekunde tano za kwanza. Mchana, ukishatoka kwenye foleni na kila kitu kina moto, simama, acha iungurume bila kuvuta mafuta, tazama taa ya oili. Mlio wa asubuhi ukipungua, taa isipokonyeza na kijiti kisiposhuka, injini imeikubali. Taa ikikonyeza, panda ngazi moja. Kijiti kikishuka na nyuma hakuna moshi wa bluu, ingia chini ya gari utafute inapovujia kabla ya kwenda dukani.